Gari jipya linakutwanga mgongo? Anza na tairi kabla hujagusa springi

Kila mwenye gari jipya gumu ameshaambiwa "utazoea". Ukimlalamikia muuzaji anakwambia utazoea, ukienda kwa fundi anakwambia gari jipya ndo lilivyo hilo, bushi (zile raba za viungo vya chini) bado hazijalegea tembea nalo kwanza, ukimwambia rafiki anakwambia hapo ndo linashika barabara mkuu, gari laini linayumba. Mi naandika hii kwa sababu hilo jibu linaumiza watu bure. Unakuta mtu kajinyima mpaka kapata gari la kilomita sifuri alafu anashuka kiuno kimekaza, na anavumilia mwaka mzima kitu ambacho pengine kingeisha asubuhi moja kwa geji ya upepo.

Gari langu nalipenda, hilo niliseme mapema. Injini imetulia, breki zinashika, ndani hamna kelele. Ila kila kiungo cha lami, kila kiraka, kila mfuniko wa chemba ulioinuka kidogo tu ulikuwa unapanda moja kwa moja mpaka kiunoni, yaani barabara ile ile ambayo gari la zamani lilikuwa linapita bila mtu kukatisha stori, hili jipya linawanyamazisha watu. Mama yangu ana tatizo la mgongo la muda mrefu, akakaa siti ya nyuma, hakulalamika njia nzima, tulipofika akashuka taratibu ameshika mlango akasema "Mwanangu, gari lako zuri, ila linanitwanga." Hapo ndo nikaamua hili jambo nalifuatilia mpaka nilielewe, kwa sababu kama mama hawezi kupanda gari langu sasa nimelinunua la nini.

Kitu cha kwanza nilichojifunza na ambacho nadhani ndo cha maana kuliko vyote, ni kwamba ugumu sio mmoja. Watu wanasema "gari gumu" kama vile ni ugonjwa wa aina moja wakati ziko aina tofauti kabisa na kila moja ina mahali inapotoka. Kuna ule mtetemo mdogo mdogo wa haraka, unausikia kwenye usukani na kwenye siti hata lami ikionekana nzuri, kama barabara imemwagiwa kokoto ndogo usizoziona. Huo mara nyingi unatoka kwenye tairi. Alafu kuna ule wa gari zima kurushwa, unapita tuta bodi inapanda juu na kushuka kwa kishindo, au kichwa chako kinatingishika huku na huku, hapo ndo unaanza kufikiria springi na shokapu (zile zinazoituliza springi isiendelee kurukaruka). Na kuna wa tatu, ule wa "ko!" ya chuma, sauti ya kugonga. Huo hauhusiani na ugumu, hiyo ni kitu kimelegea au hakijafungwa sawa na gari jipya halitakiwi kuwa nayo hata kidogo, rudisha gari walipokuuzia likiwa bado na waranti na usikubali kuambiwa uzoee.

Kwanini ule wa kwanza unachosha sana ingawa unaonekana mdogo? Ni kwa sababu ya kasi yake. Bodi ya gari ikiwa juu ya springi zake inapanda na kushuka kama mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde kwenye magari yaliyotengenezwa kwa starehe, ya michezo yanapita hapo, mwendo huo mwili wa binadamu hausumbuki nao sana maana hauko mbali na mwendo wa kutembea kwa miguu. Gurudumu lenyewe kule chini linarukaruka kwa haraka zaidi, kama mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Na mwili wa mtu aliyekaa unaumizwa zaidi na mtikisiko wa juu chini ulio katikati hapo, kama mara 4 hadi 8 kwa sekunde, hapo ndo uti wa mgongo na tumbo vinaitikia mtikisiko badala ya kuumeza. Kwa hiyo gari linaweza lisikurushe kabisa na bado likakuchosha. Ukiona umeshuka umechoka wakati hukupita shimo hata moja, usidhani unajidekeza.

Sasa tuje kwenye upepo, na hapa nitakaa kidogo.

Tairi ndo springi ya kwanza ya gari. Watu wengi tunaliona kama kiatu tu cha kukanyagia barabara, lakini hata historia yake inasema vingine, John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mwishoni mwa miaka ya 1880 alianzia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, sababu magurudumu ya mpira mgumu yalikuwa yanamtikisa. Yaani tangu mwanzo kazi ya upepo ni kumeza barabara kabla haijafika kwa aliyekaa juu. Na tairi linakuwa gumu kadiri unavyolijaza, hamna fundi wala springi ya bei mbaya inayoweza kurekebisha kosa la tairi lililojazwa kupita kiasi, kwa sababu kishindo kinakuwa kimeshapita tayari.

Sasa magari mapya yana kitu chao. Yakitoka kiwandani yanasafirishwa kwenye meli na matrela, yanakaa uwanjani muda mrefu yamesimama sehemu moja, na tairi likisimama muda mrefu linapata ubapa pale lilipokalia. Kwa hiyo kwa kawaida yanajazwa upepo mwingi kuliko wa kutembelea ili yavumilie. Kabla mteja hajakabidhiwa, wale wanaoliandaa gari wanatakiwa kuupunguza urudi kwenye kipimo chake. Wanatakiwa. Lakini siku ya kukabidhi gari kila mtu anahangaika na polishi na vikaratasi vya siti, upepo unasahaulika kirahisi mno.

Langu lilikuwa hivyo. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango chini kidogo ya pale komeo linaposhika, kuna stika (kwenye magari mengine iko ndani ya kifuniko cha tanki la mafuta). Stika ya gari langu inasema 33 psi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), yaani kama 2.3 bar au 230 kPa kwa wanaotumia hivyo. Asubuhi gari likiwa limelala, jua halijalipiga, nikafungua kifuniko cha valvu nikabandika geji ikasoma 44. Nikaitoa nikaifuta nikabandika tena, 44. Nikazunguka tairi zote, moja 43 nyingine zote 44. Hiyo ni theluthi nzima juu ya kinachotakiwa! Nikawa nabonyeza ile pini ya katikati ya valvu kwa ncha ya geji, pssss, napima, pssss, napima, mpaka zote zikakaa 33. Nikaondoka nikapita barabara ile ile. Halikuwa gari la starehe ghafla, nisiwadanganye, lakini ule mtetemo wa kokoto ulipungua kiasi kwamba nilisimama pembeni nikashuka kuhakikisha tairi hazijashuka upepo.

Mambo kadhaa kuhusu upepo ambayo naona yanachanganya watu sana.

Pima tairi likiwa baridi, maana yake gari limesimama masaa kadhaa au limetembea kidogo tu kwa taratibu. Ukitembea tairi linapata joto na upepo unapanda, kama psi 3 hadi 5, hivyo ukienda sheli baada ya safari ukakuta 37 ukapunguza mpaka 33, kesho asubuhi una 29 na hujui. Hali ya hewa nayo inachangia, kila nyuzi joto 5 au 6 za Selsiasi ni kama psi 1, kwa hiyo kama gari lilijazwa wakati wa baridi kali na sasa ni joto, limeshapanda lenyewe bila mtu kuligusa.

Ile namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe, ile yenye maneno ya kizungu ya "MAX", sio kipimo cha gari lako. Ni mwisho wa uvumilivu wa tairi. Tairi hilo hilo linafungwa kwenye magari tofauti kabisa yenye uzito tofauti, litajuaje la kwako linataka ngapi? Wajazaji wengi wa upepo wanasoma hapo, au hawasomi popote wanajaza tu namba waliyoizoea kwa kila gari linaloingia. We waambie namba unayotaka na simama pale pale uangalie.

Stika nyingi zina safu mbili, moja ya gari likiwa na watu wachache na nyingine ya gari likiwa limejaa watu na mizigo. Nyingine zina na ya tatu ya kuokoa mafuta, upepo mwingi kidogo gari liteleze vizuri. Kama unatembea peke yako au na mtu mmoja na umejaziwa ile ya mzigo kamili au ya kubana mafuta, umejipa ugumu ambao hauna kazi. Tumia safu inayolingana na mzigo wako wa siku zote, ukiwa na safari ya familia nzima na mabegi basi ongeza kabla ya kuondoka.

Na taa ya upepo kwenye dashibodi isikudanganye kwa kutowaka. Taa hiyo kazi yake ni kupiga kelele upepo ukipungua, kule Marekani sheria inataka iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kipimo cha stika. Upepo ukizidi, magari mengi hayasemi kitu. Kama gari lako linaonyesha namba ya kila tairi angalia namba, usiangalie taa.

Lakini ndugu zangu msiende chini ya stika kutafuta ulaini. Najua inashawishi, umeshuka kutoka 44 mpaka 33 umeona raha, unajiuliza je nikifika 26? Usifanye. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linachemka kwa ndani, linakula pembeni, na kwenye kasi kubwa likiwa na mzigo ndo linapasuka. Mwaka 2000 kampuni ya tairi ya Firestone waliita tairi milioni 6.5 zirudishwe, nyingi zilikuwa kwenye Ford Explorer, na moja ya mabishano makubwa yaliyozuka ni upepo, Ford walikuwa wamependekeza 26 psi na Firestone wakawa wanataka 30. Chanzo chake kilikuwa na mambo mengi na tairi zenyewe zilikuwa na kasoro, lakini baada ya pale ndo Marekani wakapitisha sheria iliyoleta hizo taa za upepo tunazoziona kwenye magari leo. Watu walikufa. Kwa hiyo stika ndo sakafu, ukishafika hapo na bado gari ni gumu tafuta sababu nyingine.

Sababu nyingine ya haraka ya kuangalia kabla hujaenda mbali, na hii ni ya magari mapya peke yake: kuna magari ambayo wakati wa kusafirishwa yanawekewa vipande vya plastiki au raba katikati ya springi ili bodi isichezecheze kwenye trela na meli. Vinatakiwa kutolewa kabla hujakabidhiwa. Vikisahaulika springi haifanyi kazi kabisa, gari linakuwa kama halina springi na kila tuta ni pigo. Washa tochi chungulia nyuma ya gurudumu kwenye springi, ukiona kitu chenye rangi kimebanwa katikati ya mizunguko usikivute mwenyewe, mpigie aliyekuuzia akuambie ni nini. Langu halikuwa navyo, ila dakika unayotumia kuangalia ni ndogo sana ukilinganisha na kuishi navyo.

Haya, upepo uko sawa, springi haijabanwa, na bado mama anasema ni afadhali lakini sio sana. Ndo tunakuja kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kimeharibu starehe ya magari ya siku hizi kuliko kingine chochote, rimu kubwa.

Soma ubavu wa tairi lako. Langu lilikuja na 225/40 R18. Hiyo 225 ni upana kwa milimita, 40 ni asilimia, maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 40 ya huo upana, piga hesabu unapata milimita 90. Hiyo milimita 90 ndo kila kitu ulichonacho cha mpira na upepo kati ya barabara na chuma. Sasa gari hilo hilo, toleo la bei ya chini, linakuja na 205/55 R16. Piga hesabu, asilimia 55 ya 205 ni karibu milimita 113. Umeongeza zaidi ya sentimita mbili za mto wa upepo, na ukipima tairi zima kutoka juu mpaka chini yote mawili yanakaribiana, lile la 18 ni kama milimita 637 na la 16 ni kama 632, hivyo spidomita haidanganyi kwa kiasi cha kusumbua. Wenye toleo la juu kabisa wanapewa 225/35 R19, ubavu milimita 79 hivi. Unaona mchezo? Kadiri unavyolipa zaidi ndo unavyopewa mpira mchache. Na rimu kubwa kwa kawaida inakuwa nzito zaidi, gurudumu zito likirushwa na shimo shokapu inapata kazi kubwa kulituliza, na ukiingia kwenye shimo kwa kasi ubavu mfupi unabanwa mpaka rimu inapinda au tairi linatoa jipu.

Kwenye picha rimu kubwa inapendeza, nakubali. Ila nimekaa ndani ya gari kwa masaa na rimu siioni nikiwa ndani.

Nikaamua kushuka kwenda 16. Hapa kuna mambo ya kuangalia na nayaandika yote kwa sababu ukikosea ni hatari. Kwanza size unayotaka iwe imeandikwa kwenye stika ya gari au kwenye kitabu chake, maana yake mtengenezaji ameikubali. Pili rimu ipite kwenye breki, toleo la juu wakati mwingine lina diski kubwa za breki na rimu ndogo haiingii, peleka gari lijaribiwe rimu kabla hujalipa. Tatu namba ya mzigo. Baada ya size kuna namba na herufi, tairi zangu za kwanza zilikuwa 92, hiyo ni kilo 630 kwa kila tairi, zile za 16 ni 91, kilo 615. Imeshuka kidogo, lakini stika ya gari imeandika 91 kwa size hiyo kwa hiyo iko ndani ya kipimo. Isingeandikwa nisingezinunua. Herufi ni kasi ya mwisho, V ni kilomita 240 kwa saa, H ni 210, usishuke chini ya iliyoandikwa. Nne, toa taarifa kwa bima, ni simu moja tu na inakuondolea mabishano siku ya ajali.

Tofauti ni kubwa. Kubwa kabisa. Ule mfuniko wa chemba uliokuwa unapiga "dang" mpaka kwenye meno sasa unasema "dup" na umepita. Nilichopoteza ni kwamba kwenye kona za kasi usukani umekuwa mzembe kidogo, unakata na kuna kasekunde kadogo ka kusubiri kabla gari halijafuata, sababu ubavu mrefu unajikunja kwanza. Anayependa kukimbiza gari kwenye kona ataliona hilo na atachukia. Mi nabeba mama.

Kabla hamjanunua lolote angalieni pia kama tairi mlizonazo ni zile za kutembea hata zikiwa hazina upepo, run-flat. Ubavu wake umeimarishwa ubebe gari peke yake, kwa kawaida unaruhusiwa kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 ufike sehemu ya kurekebisha. Ni kitu kizuri kwa usalama lakini ubavu huo mgumu ni mgumu hata upepo ukiwepo. Kubadilisha kwenda tairi za kawaida kunalainisha, ila magari mengi yenye tairi hizo hayana spea, na hata pa kuiweka hamna, lazima ubebe pampu na dawa ya kuziba au ununue spea. Fanya uamuzi ukijua unachoachia.

Kuhusu "bushi zitalegea". Ni kweli kidogo. Shokapu mpya sili zake zinakaza mwanzoni na mpira wa bushi unakaa sawa baada ya kutembea, unaweza kusikia unafuu mdogo kwenye zile kilomita elfu za mwanzo. Lakini springi ya chuma hailegei kwa kutembea, ikilegea imeharibika. Na ubavu wa milimita 90 utabaki wa milimita 90 mpaka tairi liishe. Anayekwambia subiri kilomita elfu kumi gari litakuwa laini anakwambia subiri waranti ikatike.

Vitufe vya "Comfort" na "Sport" navyo viangalie vizuri. Kwenye magari yenye shokapu za umeme kitufe kinabadilisha ugumu kweli kweli, unausikia hapo hapo. Lakini magari mengi kitufe hicho kinagusa usukani, mafuta na gia tu, shokapu ni zile zile, utabonyeza mpaka kidole kiume. Kitabu cha gari kinasema kinagusa nini, kisome.

Sasa mbona nyuma ndo kunauma zaidi? Hili lilinisumbua mpaka nikasoma habari za Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda Cadillac miaka ya 1930, na yeye ndo anatajwa sana kwenye mambo ya starehe ya gari. Gurudumu la mbele linapita tuta kwanza, la nyuma linachelewa kidogo. Springi zikiwa sawa mbele na nyuma, mbele kunashuka wakati nyuma kunapanda na gari linaanza kutikisa kichwa mbele nyuma mbele nyuma, kunachosha mno. Olley akaonyesha kwamba mbele kukiwa laini kuliko nyuma, nyuma kunacheza haraka zaidi na kunakimbiza mbele, pande zote mbili zinatulia pamoja na gari linabaki usawa. Kwa hiyo nyuma kuwa kagumu kidogo kumekusudiwa. Ongeza na kwamba springi za nyuma zinapangwa zibebe watu na mizigo, gari likiwa tupu ni ngumu kuliko zinavyotakiwa, wenye pikapu wanalijua hili vizuri, ukipakia mzigo kidogo inatulia yenyewe. Na kubwa zaidi, siti ya nyuma iko karibu juu ya ekseli ya nyuma, wakati ya mbele iko kati ya magurudumu, na kati ndo kunatembea kidogo.

Kwa hiyo mtu mwenye mgongo mkae naye mbele. Heshima tuliyozoea ni kumpa mzazi siti ya nyuma apumzike, ila kama mgongo unamsumbua mweke mbele, siti ilalie nyuma kidogo, sio wima kabisa na sio ya kulala, na ile sehemu ya kiunoni ijazwe, kama gari halina kitufe chake hata mto mdogo. Tukiwa tunakaribia tuta mama anaona mwenyewe, anajiandaa, mwili ukijua pigo linakuja haupokei vibaya kama ukishtukizwa.

Wenye magari ya umeme naomba nao wajue kwamba ugumu wao una sababu ya ziada. Betri peke yake inaweza kuwa kilo 300 hadi 500 na zaidi, springi lazima ziwe kali kuibeba na tairi zinataka upepo mwingi kihalali, stika ikisema 42 basi ni 42, usichukue namba ya gari la petroli la jirani.

Alafu tafadhali, msikate springi. Naliona hili linashauriwa, ati kata mzunguko mmoja gari lishuke na litulie. Springi ukiikata inakuwa ngumu zaidi, sio laini, sababu mizunguko inayofanya kazi imepungua, na sasa gari limeshuka bodi iko karibu na raba ya kugotea, kila tuta linagota. Zile raba za kubana katikati ya springi nazo ni vivyo hivyo, zinafaa kwa anayebeba mzigo, kwa anayetafuta ulaini ni kurudi nyuma. Kubadilisha springi na shokapu za aina nyingine kunawezekana na kuna mafundi wanaojua, ila kwa gari lenye waranti hilo kwangu ni la mwisho kabisa, baada ya upepo, baada ya tairi, na baada ya kupata majibu kwa maandishi kutoka kwa aliyekuuzia.

Na kama bado hujanunua, una bahati. Usikubali kuendesha majaribio kwenye lami iliyonyooka tu karibu na duka, omba kupita barabara mbovu unayoipita kila siku au inayofanana nayo, nenda taratibu maana kwenye mwendo mdogo ndo ugumu unajianika, alafu mpe mwingine usukani ukae nyuma. Kabla ya hapo toa geji yako pima upepo, kwa sababu gari la maonyesho linaweza kuwa na 40 na kitu na ukalikataa gari zuri bure. Uliza toleo la rimu ndogo lipo? Wakikwambia toleo hilo halina taa nzuri wala skrini kubwa, uliza kama wanaweza kukupa toleo la juu likiwa na rimu za toleo la chini. Wengine wanakubali, na kubadilishana rimu ni rahisi zaidi kabla hujasaini kuliko baada ya kuondoka nalo.